Msiba Usio na Wenyewe

Mjini Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, kuna jengo la mawe la karne ya 12 linaloelekeana na uwanja wa soko. Linaitwa Moyse's Hall, na siku hizi ni makumbusho. Humo ndani, nyuma ya kioo, kimewekwa kitabu kidogo cha rangi ya hudhurungi, kimechakaa pembeni, na mtu asiyesoma maelezo atadhani ni daftari la zamani la mwenye duka. Jalada lake ni ngozi ya mtu. Ni ngozi ya William Corder, aliyenyongwa katika mji huohuo tarehe 11 Agosti 1828, na kilichochapwa ndani ni habari za kesi yake mwenyewe. Pamoja nacho kuna kipande cha ngozi ya kichwa chake, sikio likiwa bado limeshikana nacho.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hukuhuku Suffolk, na mji huo haunipi taabu kuufikia kwa basi. Siku niliyokwenda kulikuwa na familia moja, baba, mama na watoto wawili, na yule mdogo alibebwa juu ili alione sikio. Walikuwa watu wapole, wanapishana na wengine kwa samahani na asante. Nilisimama pale muda mrefu. Corder yupo: ngozi, sikio, na sura yake ya plasta iliyochukuliwa baada ya kunyongwa. Nikauliza moyoni, na yule aliyeuawa yuko wapi?

Aliyeuawa ni Maria Marten wa kijiji cha Polstead, kusini mwa mkoa huu. Baba yake alikuwa mtega fuko, kazi ya mtu maskini anayelipwa na wakulima kuwaondolea wanyama wanaochimbachimba mashamba. Corder alikuwa mtoto wa mkulima mwenye uwezo. Walipendana, au tuseme Maria alipenda, wakapata mtoto ambaye hakuishi. Mwezi Mei 1827 Corder alimwambia wakutane kwenye ghala moja lililoitwa Red Barn, kisha waende Ipswich wakafunge ndoa. Maria alikwenda. Karibu mwaka mzima Corder aliwaandikia wazazi wake barua za uongo kwamba binti yao ni mzima na yuko mbali. Aprili 1828, baada ya mama wa kambo kusema ameota ndoto zaidi ya mara moja kwamba Maria amezikwa ndani ya ghala, baba mtu alikwenda na chombo chake cha kutegea fuko, akachokora sakafu ya ghala, akamkuta mwanawe.

Mpaka hapo ni msiba kama msiba mwingine. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Corder alikamatwa karibu na London, ameoa mke aliyempata kwa kutangaza gazetini kwamba anatafuta mchumba. Wanawake wengi walilijibu lile tangazo, na barua zao baadaye zilichapwa kitabu zikauzwa. Kabla kesi haijasikilizwa, michezo ya kuigiza na ya vikaragosi ilikuwa tayari inaonyesha mauaji hayo kwenye maonyesho ya vijijini, na mhubiri mmoja alihubiri karibu na ghala mbele ya maelfu ya watu. Kesi ilipoanza mwezi Agosti, watu waliingia mahakamani kwa tikiti. Siku ya kunyongwa walifurika. Baadaye maiti ilipasuliwa kifuani, ikalazwa juu ya meza ndani ya jengo la mahakama, na maelfu wakapita kwa foleni kuitazama. Inasemekana kamba iliyomnyonga iliuzwa kwa inchi, kila inchi gini moja. Wafinyanzi wa Staffordshire walitengeneza vinyago vya udongo vya Corder, vya Maria na vya ghala lenyewe, vya kupamba juu ya meko sebuleni.

Na karatasi. Wakati huo watu wa chini hawakuweza kununua gazeti, kwa sababu kila nakala ilitozwa kodi ya stempu. Walichonunua ni karatasi moja ya peni, yenye picha ya kuchonga kwenye mbao, shairi, na maneno ya mwisho ya mtu anayekwenda kunyongwa. Mchapaji mashuhuri wa karatasi hizo alikuwa James Catnach, hapo London. Henry Mayhew, mwandishi aliyewahoji wachuuzi wa mitaani miaka ishirini na zaidi baadaye, aliandika kwamba karatasi ya Corder iliuzwa nakala 1,166,000. England nzima wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 13, wengi wao wasiojua kusoma. Maana yake karatasi moja ilisomwa kwa sauti kilabuni, au uani, watu wamezunguka.

Ghala lenyewe lilibanduliwa mbao na wageni, kila mtu achukue ukumbusho, mpaka lilipoungua mwaka 1842. Na Maria je? Alizikwa kwenye uwanja wa kanisa la Polstead, akawekewa jiwe. Wageni walilimegua jiwe lile, kipande huyu kipande yule, likaisha lote. Leo kuna kibao tu kinachosema kwamba amezikwa hapa karibu. Muuaji amehifadhiwa hadi sikio. Aliyeuawa hata jiwe la kaburi hakuachiwa. Naona haikuwa bahati mbaya. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda kila mauaji yanapogeuzwa tamasha: marehemu anahitajika dakika ya kwanza, ili hadithi ianze, kisha anaondolewa apishe njia.

Nimeyaona hayo kazini kila siku, na ni hapo nilipoanza kuyafikiria. Baada ya chakula cha mchana wazee wetu hukaa sebuleni, blanketi magotini, televisheni imewashwa, na karibu kila siku ni tamthilia ya mauaji. Kijiji kizuri, maua dirishani, kengele za kanisa, padri, daktari, tajiri mwenye wosia, na maiti kwenye maktaba. Kuna bibi mmoja aliyekuwa mwalimu, amepita miaka tisini, anafuma sweta bila kuangalia mikono. Humtaja muuaji kabla ya tangazo la kwanza na mara nyingi husibu. Siku moja nilitaka kumpeleka kuoga ile tamthilia ikiwa katikati, akanishika mkono kwa upole: "Ngoja kwanza, bado hajafa wa pili."

Sasa sikilizeni jambo hili. Mzee akifariki katika nyumba ya namna hii, watu wa mazishi wanapofika, sisi wafanyakazi hutangulia tukifunga milango ya vyumba kando ya ukumbi, mmoja mmoja, ili wenzake wasione kitanda kikipita. Hutolewa kwa mlango wa nyuma. Kesho yake kiti chake kiko wazi, na hakuna anayeuliza kwa sauti. Mimi nimekulia mahali ambapo mtu akifa mtaa mzima unajua, turubai linafungwa, majamvi yanatandikwa, wanawake wanaingia ndani, wanaume wanakaa nje, na hata mtoto anajua maiti amelazwa chumba gani. Hapa kifo cha kweli hupitishwa mlango wa nyuma, na kifo cha kutunga huletwa sebuleni na chai ya saa tisa. Sisemi hivi kuwadharau. Wazee wale ninawapenda, na nimewafumba macho baadhi yao kwa mikono yangu. Ninaamini kabisa kwamba mambo haya mawili yanahusiana: watu walionyimwa kukiona kifo wanakitafuta pengine, mahali ambapo hakiwaumizi.

Nilipomsimulia mamangu kwa simu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na huyo maiti wa kwenye televisheni, mwanangu, hana wenyewe? Hakuna anayemlilia?" Nilifikiri sana. Kweli, hakuna. Mke hulia dakika moja, kisha anaanza kushukiwa.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Starehe hii ina historia, na ninaona ilianza kukua pale hofu ya kila siku ilipopungua. Desemba 1811 familia mbili ziliuawa majumbani mwao, siku kumi na mbili tu baina yao, karibu na barabara ya Ratcliffe Highway, mashariki mwa London. Nchi nzima ilitetemeka. Mtuhumiwa, John Williams, alijinyonga gerezani kabla ya kuhukumiwa. Maiti yake ilipitishwa mitaani juu ya mkokoteni na kuzikwa njia panda, imepigwa kigingi moyoni. Hapo bado watu wanaogopa. Mwaka 1827 Thomas De Quincey akachapisha insha ya kejeli inayoyajadili mauaji kama kazi ya sanaa, yenye wajuzi wake wa kuisifu na kuikosoa, na watu wakacheka. Mwaka 1829 polisi wa London walianzishwa, mwaka 1842 wapelelezi, na mwaka 1855 kodi ya magazeti ikafutwa kabisa. Mtu aliyelala nyumba yenye komeo, polisi anapita nje, gazeti la bei nafuu mkononi, aliweza kusoma habari ya koo lililokatwa na akahisi joto la meko yake zaidi.

Kunyonga hadharani kuliendelea wakati huohuo. Novemba 1849 mtu na mkewe, Frederick na Maria Manning, walinyongwa pamoja kusini mwa London kwa kumwua rafiki yao na kumzika chini ya mawe ya jikoni. Charles Dickens alikwenda kutazama, kisha akaliandikia gazeti la The Times barua ya mtu aliyechafukwa na roho. Kilichomtisha ni umati wenyewe, vicheko vyao, nyimbo zao, ule ukosefu wa huruma hata ya sekunde moja. Wenye nyumba jirani walikodisha madirisha. Mnamo 1868 bunge liliamuru kunyonga kufanyike ndani ya kuta za gereza. Hamu haikwisha, ilihamia kwenye magazeti, kwenye sanamu za nta za Madame Tussaud, na kwenye riwaya.

Whitechapel, mashariki mwa London, 1888, wengi mnaijua, kwa hiyo sitakaa sana. Wanawake watano maskini, Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly, waliuawa kati ya mwisho wa Agosti na Novemba. Majirani wa ua alipokutwa Annie Chapman, mtaa wa Hanbury, waliwatoza watu fedha wachungulie kutoka madirishani. Muuaji hakukamatwa, na jina la kutisha analoitwa, Jack the Ripper, lilitoka kwenye barua iliyopelekwa kwa wakala wa habari, barua ambayo baadhi ya maofisa wa polisi waliamini iliandikwa na mwanahabari. Hadi leo, kila jioni, vikundi vya watalii huzunguka mitaa ile na kiongozi mwenye taa. Ilichukua mpaka 2019 ndipo mwanahistoria Hallie Rubenhold akatoa kitabu chenye kujali zaidi walivyoishi wale watano kuliko walivyokufa: nani aliolewa, nani alizaa, nani alipoteza watoto, nani alifika kutoka Sweden. Miaka 131. Na bado wako waliomkasirikia.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote, hata kuliko Maria, ni cha Dennis O'Neill. Alikuwa mtoto wa Newport, Wales, aliyeondolewa kwa wazazi wake na kupelekwa na serikali ya mtaa kulelewa shambani Shropshire, pamoja na mdogo wake. Tarehe 9 Januari 1945 alikufa kwa kipigo na njaa, ana miaka 12. Mwenye shamba alifungwa miaka sita. Nchi ilifadhaika kwelikweli, uchunguzi ukafanywa, na mwaka 1948 ikapitishwa sheria mpya ya watoto. Hilo ni jema, nalisema wazi. Lakini mwaka 1947 Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za mauaji, aliandika mchezo mfupi wa redio kwa kuadhimisha miaka 80 ya Malkia Mary, na tukio lililompa wazo ni kifo cha mtoto huyu. Mchezo huo akaupanua kuwa The Mousetrap, uliofunguliwa London tarehe 25 Novemba 1952. Unachezwa mpaka leo, zaidi ya miaka 70, ukiwa umesimama tu wakati wa korona. Hakuna mchezo wa jukwaani uliodumu hivyo duniani. Mwisho wa onyesho watazamaji huombwa wasimwambie mtu muuaji ni nani, na wanaitunza siri hiyo kwa uaminifu. Mamilioni wamepita pale, wamekula aiskrimu wakati wa mapumziko, na nadhani wachache sana wamewahi kulisikia jina la Dennis.

Simlaumu Christie. Fundi huchukua mbao popote, na yeye alikuwa fundi. Nataka tu jina la mtoto lijulikane pale mlangoni.

Kuna anayesema, hizi ni hadithi, zinamdhuru nani? Jibu lilikuja 2011. Gazeti la News of the World, lililoanza 1843 na kuishi kwa habari za uhalifu na fedheha, lile ambalo George Orwell alilitaja mwaka 1946 alipomwandika Mwingereza aliyeshiba chakula cha Jumapili, amenyoosha miguu, anasoma habari za mauaji, lilifungwa mwezi Julai mwaka huo. Ilibainika kwamba watu wake waliingilia ujumbe wa sauti kwenye simu ya Milly Dowler, msichana wa miaka 13 aliyetoweka 2002 na kukutwa ameuawa. Wazazi walikuwa bado wanampigia. Hapo umma uliokuwa ukinunua gazeti hilo ulichukizwa, na ninaamini chuki yao ilikuwa ya kweli. Lakini ile njaa iliyowatuma waandishi wale ilikuwa ya nani?

Siku hizi England na Wales, zenye watu wapatao milioni 60, huwa na mauaji kati ya 500 na 700 kwa mwaka. Hayafanani na ya televisheni. Hayahusu wosia wala sumu kwenye glasi ya divai. Ni kijana amechomwa kisu nje ya duka, na kwa wanawake anayeshukiwa mara nyingi kuliko mwingine yeyote ni mume au mpenzi, wa sasa au wa zamani. Yaani ni Corder yuleyule, miaka mia mbili baadaye. Maria angejulikana kama Maria, mwanamke aliyetaka kuolewa akadanganywa, pengine watu wangejifunza kitu kuhusu wanaume wa namna ile. Badala yake walijifunza kuhusu ndoto na ghala.

Nasi Waswahili hatujasalimika. Nimelelewa na hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye alimjua vizuri Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, ila mpelelezi wake yeye, Bwana Msa, hafumbui fumbo mpaka ajue nani mtoto wa nani, nani alimkana nani. Mle maiti ana ukoo. Napenda kuamini hilo halikutokea kwa bahati. Lakini leo fungua simu yako, utaletewa picha ya maiti wa ajali kabla familia yake haijapigiwa, na vipindi vya Nairobi na Dar es Salaam vinavyosimulia mauaji ya juzi kwa muziki wa kutisha chini chini. Mambo haya tumeyapokea mazimamazima.

Na huko kwetu kuna mfano ambao Waingereza wenyewe walituachia. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, karibu na Karen nje ya Nairobi, Waafrika wawili waliokuwa na lori la maziwa walilikuta gari limeacha barabara, na ndani yake Josslyn Hay, Earl wa Erroll, amepigwa risasi. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa na uhusiano na marehemu, alishtakiwa na kuachiwa huru mwezi Julai. London ilikuwa imetoka kupigwa mabomu, na magazeti yake bado yalipata nafasi ya kesi hiyo. Tangu hapo vimetoka vitabu kadhaa, na filamu mwaka 1987. Kila baada ya miaka michache anajitokeza mtu na jibu jipya la nani alimpiga risasi.

Mwaka 1923, kule Molo, kijana Mwafrika aliyeitwa Kitosh alitumwa na farasi wa tajiri yake, mlowezi Jasper Abraham, akaambiwa amwongoze kwa miguu asimpande. Alionekana amempanda. Alichapwa viboko, akafungwa kamba, akawekwa stoo, na usiku akafa. Mahakamani walikuja madaktari kusema kwamba mwenyewe alitaka kufa, ndiyo maana alikufa. Baraza la wazungu lilimwona Abraham na hatia ya kujeruhi vibaya tu, akapewa miaka miwili. Mwandishi Mdenmark Karen Blixen alikiandika kisa hicho kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1937, kurasa chache. Hakuna filamu. Hakuna anayekaa usiku kutafuta nani alimwua, kwa kuwa hakuna fumbo: muuaji alijulikana asubuhi ileile.

Kitosh alikuwa na mama, bila shaka, na nyumbani kwao kulikaliwa matanga. Msomaji wangu mwenye wazee wa Molo, Njoro au Nakuru waliosimuliwa habari hiyo na wazazi wao, nakuomba uwaulize: alikuwa wa ukoo gani, alizikwa wapi, ana nduguze? Niandikie hapa chini. Nikipata majibu nitayachapisha kwa jina lake, yeye peke yake, bila jina la aliyemwua.